Hatua Elfu Ishirini Bila Kuinuka Kitini

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada, na naomba unijibu kabla sijaikata hii saa kwa mkasi wa kitambaa, maana mkasi ninao hapa mezani na hasira ninazo, ila hasira zenyewe ni za kujikasirikia mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamume wa miaka arobaini na sita, nina mke, watoto watatu na kitambi ambacho kwa miaka kumi sasa kinatangulia kuingia mlangoni kabla yangu. Nashona kutwa ndani ya chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, cherehani yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu, kushoto kwangu kuna pasi, kulia meza ya kukatia, na kutoka kitini hadi mezani ni hatua mbili, nikizidisha tatu, kwa hiyo unaona mwenyewe kwamba kazi hii si ya kumkondesha mtu.

Chanzo cha yote ni goti la dada yangu. Dada amenizidi miaka kumi na mitatu, na tangu mama yetu afariki yeye ndiye aliyenilea, akapika katika jiko la shule miaka ishirini na sita akiwa amesimama juu ya sakafu ya saruji, na sasa goti lake la kulia limekwisha, akitoka chumbani kwenda sebuleni anashika ukuta, anashika kiti, anashika mlango, mpaka afike. Daktari alimwambia kwamba goti litafanyiwa upasuaji lakini kwanza apunguze mwili, ana kilo mia na tatu, arudi baada ya miezi minne akiwa na tisini na tano, na atembee kidogo kidogo mahali tambarare kadiri goti linavyomruhusu. Basi binti yake, yaani mpwa wangu, anayefanya kazi katika duka la simu, akaleta saa tatu za mkononi za kuhesabu hatua, moja ya mama yake, moja yangu, moja yake mwenyewe, akawashawishi na ndugu wengine sita wenye saa kama hizo, akafungua kundi kwenye simu akaliita Familia Nyepesi. Akasema, "Mama asitembee peke yake, tutatembea wote naye." Maneno hayo yalinigusa, Shangazi, naapa yalinigusa, na nilijiunga kwa moyo mweupe.

Utaratibu ni kwamba kila jioni saa inatuma hatua za kila mtu kwenye kundi, na kila Jumamosi asubuhi tunapiga picha miguu yetu juu ya mizani, tarakimu zionekane. Wiki ya kwanza nilikuwa wa mwisho, hatua mia tano tu, na watu wakanitania kwamba hata saa ya ukutani inatembea kunizidi, nikacheka nao. Kisha siku moja nikiwa nashona gauni la bibi harusi ile saa ikakwaruza satini, nikaogopa, nikaivua, na ili isipotee kwenye vipande vya nguo nikaifunga kwenye kifundo cha mguu, juu ya soksi. Nakuapia sikuwa na nia mbaya yoyote! Nikashona mpaka jioni, kukanyaga, kukanyaga, na nilipoitazama simu nikakuta hatua elfu kumi na tisa mia sita na arobaini, na fataki zinaruka kwenye kioo, na kundi zima linapiga vigelegele, hongera mjomba, hongera kaka, jamani leo umetembea mpaka wapi.

Nikaandika, "Hapana, ni cherehani tu hii." Nikayatazama yale maneno, nikayafuta, nikatuma picha ya mkono wenye misuli.

Tangu hapo saa haijarudi mkononi. Nikajiambia kukanyaga nako ni kazi ya miguu, na ni kweli jioni miguu inauma, sasa dhambi iko wapi, na mke wangu ambaye kwa miaka miwili ananiomba niifungie cherehani mota ya umeme nikamjibu kwamba mota inaua miguu, daktari gani atakubali. Lakini mtu wa hatua elfu ishirini lazima apungue, Shangazi, ndugu watauliza, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilipopanda mizani niligusa meza ya kukatia kwa kidole kimoja tu, kilo moja ikaondoka, Jumamosi nyingine nikaweka kiganja, na sasa ninavyokuandikia naegemea mpaka kiwiko na nimepungua kilo kumi na moja. Mke wangu akaniuliza, "Mtu aliyepungua kilo kumi na moja, mbona suruali inamkaba?" Nikamwambia kitambaa kimerudi, kilifuliwa kwa maji moto. Ameishi na fundi miaka kumi na tisa.

Haya yangekuwa mambo ya kuchekesha kama yangeishia kwangu. Dada alianza na hatua mia sita, kutoka mlangoni hadi getini na kurudi, akapanda hadi elfu moja, elfu mbili, akafika elfu tatu na mia moja kwa goti lile bovu, na kilo zake zikashuka kutoka mia na tatu hadi tisini na nane, halafu zikaganda hapo hapo, mwezi mzima tisini na nane, tisini na nane. Basi jioni moja mpwa wangu kwa kututia moyo akaandika kwenye kundi, "Mjomba anakaa kwenye kiti kutwa anafika elfu ishirini, nyinyi wengine mna kisingizio gani?" Kesho yake saa ya dada haikutuma hatua yoyote, na keshokutwa hivyo hivyo.

Mpwa akanipigia simu, "Mjomba, nenda ukaongee na mama, wewe anakusikia." Nikaenda Jumapili. Nikamkuta amekaa, mguu juu ya stuli, saa ameitia kwenye droo ya vijiko, na badala ya kusema ukweli, Shangazi, hapa ndipo aibu inaponimaliza, nikamwambia, "Dada, ni nia tu. Mimi nilikuwa kama wewe." Akalitazama goti lake, akasema, "Basi mimi sina nia, mdogo wangu. Niacheni na goti langu." Na akasema siku ya kliniki, ambayo ni Alhamisi ya wiki ijayo, hatakwenda, haoni sababu ya kwenda kupimwa aibu mbele ya daktari.

Nilipoaga akanipa mfuko wenye magauni yake mawili nikayapunguze kiunoni, akasema kitambaa kimelegea kwa kufuliwa sana, yanamwagika, nami nikayapunguza inchi tatu kila moja, nikaandika kwenye daftari la vipimo kama kawaida yangu, nikamrudishia Jumatano. Hakunitazama usoni alipoyapokea.

Sasa naomba ushauri wako. Nikisema ukweli nitakuwa kichekesho cha ukoo mzima, mpwa wangu aliyenifanya mfano ataaibika, na dada atajua kwamba nimemdanganya kwa cherehani ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeninunulia nilipomaliza kujifunza ushonaji, maana hiyo hiyo ndiyo ninayoikanyaga. Nimefikiria nijifanye naumwa mgongo, nipunguze hatua taratibu, leo elfu kumi na tano, kesho kumi, mpaka nifike chini yake, ili aone hata mimi nimeshindwa na apate moyo. Nisaidie, Shangazi, silali vizuri wala sishoni vizuri, jana nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Ni mimi,
Fundi wa Dirishani


SHANGAZI ANAJIBU

Fundi wangu,

Nimecheka, nisikufiche. Nilipofika kwenye kiwiko nikaweka kikombe chini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yako, mwanangu, haikutoka hata mlangoni.

Nimeshacheka, sasa nisikilize. Kosa la siku ya kwanza nakusamehe. Satini ya bibi harusi ni satini ya bibi harusi, na mtu yeyote angeifunga saa mahali pengine. Hata ile picha ya misuli ningekusamehe, sifa ni tamu na wewe ulikuwa umetaniwa vya kutosha. Jumapili ile siisamehe upesi hivyo. Ulikaa mbele ya mwanamke anayeshika kuta ili afike sebuleni kwake, aliyekulea, ukamwambia tatizo lake ni nia. Yeye alitembea hatua elfu tatu na mia moja za kweli, kila moja inauma, wewe ukamlinganisha na kanyagio la cherehani. Ukiona haya kulisoma hilo, vizuri. Hiyo haya ndiyo tutakayoifanyia kazi.

Habari ya kujifanya unaumwa mgongo, iondoe kichwani leo hii. Unataka kutibu uongo mmoja kwa uongo wa pili, halafu umsubiri dada yako afurahi kwamba umeanguka? Yeye si mtu wa namna hiyo, nimemjua kwa barua yako tu. Ukimwambia mgongo unauma, atakuja na goti lake kukukanda.

Sasa nikuulize swali, na jibu lake unalo. Ulipunguza magauni yale inchi ngapi?

Uliniandikia habari hiyo kana kwamba ni kitu ulichokiokota njiani. Inchi tatu kiunoni, gauni la kwanza. Inchi tatu, gauni la pili. Wewe ni fundi, umeshika nguo za watu tangu ujana wako. Hebu niambie ni kitambaa gani hulegea inchi tatu kiunoni tu, na mabega yakabaki yalivyo? Na ni kitambaa gani hurudi kwenye tumbo la fundi peke yake? Ninyi ndugu wawili mmezoea kukisingizia kitambaa. Wewe unanenepa unasema kimerudi, dada yako anapungua anasema kimelegea. Kitambaa hakina kosa lolote, Fundi. Dada yako amepungua! Amepungua mbele ya macho yako, ukashika mkasi, ukakata, ukashona, ukaandika kwenye daftari, usione kitu, kwa sababu ulikuwa umejaa habari zako mwenyewe.

Mimi si daktari, na mwenye neno la mwisho kuhusu goti ni daktari wake. Lakini nimeishi ndani ya mwili mnene miaka mingi, na najua mizani ina tabia ya kununa. Huganda wiki nne, wakati huo huo sketi inazunguka kiunoni, kisha siku moja inashuka bila kuomba radhi. Na hata hiyo iliyonuna, hebu isome vizuri. Kutoka mia na tatu hadi tisini na nane ni kilo tano. Zimebaki tatu. Mtu aliyebakiza kilo tatu ameketi nyumbani anasema hana nia, kwa sababu mdogo wake alifunga saa kwenye soksi.

Sikatai saa hizi wala simlaumu mpwa wako. Alifanya jambo la upendo, na neno lake la kwamba mama asitembee peke yake ni zuri kuliko chochote nilichokiandika katika ukurasa huu mwaka huu. Kilichoharibika ni kwamba mlianza kutembea na mama, mkaishia kushindana naye. Saa haijui goti, haijui jiko la shule wala sakafu ya saruji. Inahesabu tu, na ukiifunga kwenye mkia wa mbuzi itamhesabia mbuzi.

Fanya hivi, na usichague unachokipenda ukaacha kingine. Ukimaliza kusoma hapa, vua saa mguuni. Usiikate, ni zawadi. Kisha fungua daftari lako la vipimo, tafuta kurasa za dada yako. Najua zipo, hakuna fundi asiye na vipimo vya dada yake. Tafuta kipimo cha mwaka juzi, cha mwaka jana na hiki cha juzi, uvitie alama kwa ile chaki yako. Chukua daftari, chukua futi ya kupimia, uende kwake leo jioni. Usipige simu, usitume ujumbe, na usitangulie kwenye kundi. Yeye awe wa kwanza kujua.

Ukifika usizunguke. Mwambie, "Dada, zile hatua zilikuwa za cherehani, na zile kilo zilikuwa za meza. Jumapili nilikudanganya, na wewe ndiye mwenye nia kati yetu." Basi, nyamaza hapo. Akikasirika, mpe nafasi ya kukasirika, usimkatize kwa kujitetea kwamba kukanyaga ni kazi ya miguu. Akinyamaza, kaa naye akiwa kimya. Lakini mtu aliyekulea tangu ulipofiwa na mama yenu, nadhani akisikia habari ya kiwiko atacheka mpaka ashike goti. Akishacheka, mfungulie daftari. Usimwambie "umepungua," maana neno lako kwa sasa halina uzito, hata wewe mwenyewe unajua. Mwonyeshe tarakimu zilizoandikwa kwa mkono wako kabla hujajua zina maana gani. Kisha mwombe ruhusa, umpime upya palepale, naye aishike ncha ya futi kwa kidole chake mwenyewe, aisome mwenyewe.

Ukirudi nyumbani, mpe mke wako futi. Mganga hajigangi, na fundi hajipimi kiuno, atavuta tumbo ndani. Mwambie akupime bila huruma, na uandike kwenye daftari hilo hilo, ukurasa wako, ambao nadhani ni mweupe tangu ulipooa. Utatishika kidogo. Haidhuru, ndipo safari inapoanzia. Halafu ndipo uandike kwenye kundi, kwa kifupi, na ukubali kuchekwa wiki nzima. Ukoo unaocheka haujawahi kuua mtu. Na umtumie mpwa wako neno la pembeni, umwombe radhi, umwombe pia aache kuwapanga watu wa kwanza na wa mwisho.

Kuhusu mota, mfanyie mke wako hiyo haki, ifunge. Hutahitaji tena kukanyaga kwa ajili ya sifa, na muda utakaouokoa ndio wa kutembea. Kila jioni ukifunga dirisha, nenda kwa dada yako, saa ikiwa mkononi, mtembee naye mpaka getini na kurudi, kwa mwendo wake, si kwa mwendo wako. Siku goti likikataa, kaeni. Jioni ya kwanza utaona hatua elfu moja na kidogo, na utakuwa wa mwisho katika kundi zima. Zitume hivyo hivyo zilivyo.

Alhamisi uende naye kliniki. Funga dirisha, wateja watasubiri, bibi harusi umeshamshonea. Kama mizani itasema tisini na tano, nitafurahi. Kama itasema tisini na saba, daktari aonyeshwe na daftari lako, na aseme yeye ni wiki ngapi zaidi, hakuna aliyekufa kwa kurudi kliniki mara ya pili. Yeye akipanda mizani, wewe mshikie mkoba kwa mikono yote miwili, ili mimi huku nijue hakuna kiwiko kilichoegemea popote.

Nakuamini utafanya. Mtu asiyejali hakosei mkono wa kushoto upande wa kulia kwa kuwaza. Umemkosea dada yako kwa cherehani aliyokununulia, na kwa cherehani hiyo hiyo utamtengenezea. Magauni yale mawili atayavaa Alhamisi, na kabla mwaka haujaisha atakuletea tena moja, atakwambia kitambaa kimelegea. Safari hiyo, kabla hujashika mkasi, mwambie sababu.

Shangazi